Nyuzi za Kumpokea Swafia

Ujumbe wa sauti uliingia Jumatatu saa tatu asubuhi, Mwalimu Protus Osundwa akiwa jikoni kwake Amalemba anachuja chai. Ulikuwa wa sekunde arobaini.

"Mwalimu, salaam aleikum, ni Swafia. Juma hili niko Mumias, ndugu yangu anaoza binti. Jumapili kijana wake Mubarak ananipeleka Kisumu kupanda basi la kurudi Mombasa, nimemwambia tupitie Kakamega. Nitakuwa kwako saa nane, saa kumi niondoke. Ile mandola bado iko?"

Kisha, bila kuaga, akavuta pumzi na kuimba mstari mmoja: *Mwambie anayevuka Nzoia, maji yakishuka nami nitavuka.*

Mwalimu aliweka chujio chini. Alisikiliza mara ya pili, na ya tatu. Chai ilipopoa alikuwa bado amesimama palepale, na alipojikuta amesimama aliona aibu kidogo, akakaa, akachukua daftari.

Alikuwa na miaka sitini na saba, mgane tangu mkewe Dorothy alipofariki miaka sita nyuma, na alikuwa amefundisha fizikia kwa miaka thelathini na tatu. Mandola ilikuwa chumbani, ndani ya sanduku lake. Ni ala inayofanana na gitaa dogo lenye tumbo la mviringo, nyuzi nane zilizopangwa jozi nne; mwalimu wa kujitolea kutoka Ireland aliiacha shuleni mkataba wake ulipokwisha, na hakuna mwingine aliyeitaka. Protus, wakati huo kijana wa miaka ishirini na nne, aliilazimisha ipige mdundo wa kwao. Hakuzipanga nyuzi kama kitabu kilivyosema. Alizipanga kwa noti za do, sol, do, sol, ili kidole gumba kiende peke yake chini huku vingine vikicheza juu. Hiyo do aliitoa kwenye uma wa sauti wa maabara, ule uliochongwa namba 256 ubavuni: mitetemo mia mbili hamsini na sita kwa sekunde.

Walikuwa watatu. Yeye na mandola, Mathew Osiako na chupa ya soda yenye mifereji aliyoigonga kwa msumari, na Swafia aliyekuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya shule. Swafia alikuwa anaanza wimbo peke yake, bila ala, na wao wanaingia mstari wa pili. Walipiga kwenye harusi na mikutano ya wazazi kwa mwaka mmoja na miezi minne. Mwishoni walirekodi kaseti moja. Kisha mfanyabiashara wa Mombasa aitwaye Osman alipeleka posa Matungu kwa baba yake Swafia, na posa ikakubaliwa.

Swafia alimpa habari hiyo mlangoni mwa maabara, akasimama kidogo kama mtu anayengoja kurudishiwa kitu. Protus alimpongeza. Baba yake Swafia alikuwa mtu wa msikiti na baba yake Protus alikuwa mzee wa kanisa. Jibu lilikuwa linajulikana, na mtu hafanyi jaribio ambalo matokeo yake anayajua. Ndivyo alivyojieleza wakati ule. Katika miaka arobaini na moja iliyofuata hakupata sababu ya kubadilisha maelezo hayo, ila alikuwa na desturi ya kuisikiliza kaseti mara moja kwa mwaka, mwezi wa Agosti, shule zikifungwa. Kaseti ilipoanza kukwaruza aliihamishia kwenye simu.

Sasa alikuwa na sauti mbili, ya wakati ule na ya leo, na simu ilikuwa na programu ya kupima sauti. Alipima noti ya kwanza ya Swafia kwenye kaseti, pale anapoimba peke yake: 457. Alipima noti hiyohiyo kwenye ujumbe: 385. Alirudia mara tano. Tofauti ilikuwa hatua tatu kamili za nusu sauti. Sauti ya mwanamke hushuka na umri. Hilo limeandikwa na watu waliolichunguza. Basi mandola nayo ilipaswa kushuka hatua tatu, kutoka do hadi la, ili Swafia asihangaike kupanda mahali asipofika tena.

Kulegeza nyuzi za zamani kusingefaa. Uzi uliolegea hulia kama waya wa kuanikia nguo. Ukitaka sauti ishuke na uzi ubaki umekaza, lazima unene uongezeke kwa kiasi kilekile ambacho mitetemo imepungua: gawanya, zidisha, ukate sehemu. Unene wa nyuzi hupimwa kwa elfu za inchi. Alipomaliza hesabu alikuwa na namba nne: kumi na nane kwa jozi ya juu, ishirini na nane, arobaini, na hamsini na nane kwa jozi nzito. Kwa hizo, shingo ya mandola ingebeba mzigo uleule iliouzoea, wala si zaidi. Hilo lilikuwa muhimu. Shingo iliwahi kupasuka, mandola ilipodondoka kutoka juu ya basi wakitoka harusini Lumakanda, na gundi ya seremala ilikuwa na umri wa kustaafu.

Alipiga simu duka la ala Nairobi. Alipokea msichana aliyejitambulisha kama Mitchel.

"Nyuzi za mandolini tuko nazo, mzee."

"Si mandolini. Mandola."

"Si ni kitu moja?"

"Ni dada yake mkubwa. Sauti yake iko chini."

"Sasa huyo dada hatuna nyuzi zake. Lakini naweza kukuuzia za gitaa, moja moja. Nipe namba."

Akampa namba.

"Mzee, hamsini na nane? Unafunga gitaa ama unavuta gari?"

"Mbili za hamsini na nane," alisema Mwalimu. "Zilizozungushiwa waya wa shaba."

Zilifika Ijumaa. Nyuzi za gitaa huwa na kifungo kidogo mwishoni. Alitoa vifungo vyote vinane kwa koleo ili kitanzi kibaki, kwa kuwa mandola hushikwa kwa kitanzi. Zile za zamani, zilizokuwa na kutu, alizikata vipande na kuvifunga kwa gazeti asije mtu akachomwa. Alitumia alasiri nzima. Alipomaliza, mandola ilitoa sauti nzito na laini, na akawaza kwamba hiyo ndiyo sauti ya watu wa umri wao. Alimwona Swafia ameketi kwenye kiti cha dirishani, anaimba bila kunyoosha shingo. Aliliacha wazo hilo likae zaidi ya alivyozoea kuruhusu mawazo ya aina hiyo.

Mathew alifika Jumamosi jioni kutoka Shirere, ambako siku hizi anakodishia wanafunzi vyumba na kugombana nao kuhusu muziki. Chupa ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Mwalimu alipiga mstari mmoja.

"Mwalimu," alisema Mathew, "nani amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa mbona umeizika mandola? Inalia kama tunaenda matanga."

Mwalimu akamweleza: sauti mbili, hatua tatu, umri, unene wa nyuzi. Mathew alisikiliza akitikisa kichwa kwa heshima, kama anavyowasikiliza watu wa benki.

"Hebu weka hiyo kaseti tusikie," alisema.

Mwalimu akaiweka kwenye simu. Sauti ya Swafia ilijaza chumba, nyembamba, ya juu, ya binti. Mstari wa pili ala zikaingia. Mathew akatoa chupa na msumari, akaanza kufuatisha, akasimama. Akagonga mara moja. Akagonga tena.

"Zima. Hiyo si chupa yangu."

"Ni yako. Nani mwingine alikuwa na chupa?"

"Mimi naijua chupa yangu. Hiyo iko juu, inalia kama ya mtoto. Sikia." Akagonga. "Sasa weka yako."

Mwalimu akaweka. Hata sikio lisilofundishwa lingesikia.

"Labda unaishika tofauti siku hizi," alisema. "Miaka mingi imepita. Sauti ya Swafia yenyewe imeshuka."

"Swafia amezeeka, sawa. Mimi nimezeeka, wewe ndio usiseme. Na chupa nayo imezeeka?"

Mwalimu alichukua simu akapima chupa iliyokuwa mkononi mwa Mathew: elfu mbili na mia moja. Akapima ya kwenye kaseti: elfu mbili mia nne tisini na tano. Aligawanya. Jibu lilikuwa lilelile, hatua tatu. Kisha akapima kitu ambacho hakuwa amekipima, yaani mandola yenyewe ndani ya kaseti. Hakuwa amekipima kwa sababu alikijua. Uma wa maabara ulisema 256. Kaseti ilisema 304.

Kila kitu kwenye kaseti kilikuwa juu. Si Swafia peke yake: chupa, mandola, hata jogoo aliyewika nyuma ya nyumba.

"Ile redio tuliyorekodia ilikuwa ya nani?" aliuliza, ingawa alikumbuka.

"Ya kaka yangu Willis. Na mawe yake ya betri yalikuwa yamekwisha. Tuliyaanika juu ya bati tangu asubuhi yapate nguvu kidogo. Wewe mwenyewe uliyauma."

"Sikuyauma."

"Uliyauma, Mwalimu! Mawe mawili, kwa meno ya nyuma. Ukasema hiyo ni sayansi."

Redio yenye mawe dhaifu huzungusha kaseti polepole wakati wa kurekodi. Baadaye, ukiicheza kwenye mashine yenye nguvu kamili, kila kilichorekodiwa hukimbia na kupanda. Angeweza kuuliza swali hilo kwenye mtihani wa kidato cha tatu, alama nne. Alifungua daftari akatazama ile 385, noti ambayo Swafia aliianzia Jumatatu bila ala yoyote kumwongoza. Akaigawa kwa moja na nusu, kwa kuwa wimbo huanzia sol, na mitetemo ya sol ni mara moja na nusu ya do. Jibu lilikuwa mia mbili hamsini na sita na ushei. Swafia alikuwa bado anaanza kutoka kwenye uma wa maabara. Alikuwa ameibeba do ile Mombasa na kukaa nayo miaka arobaini na moja, na haikuwa imesogea.

"Basi kaza nyuzi, turudi pale pale," alisema Mathew.

"Haiwezekani. Kwa unene huu, kupanda hatua tatu kunaongeza mzigo asilimia arobaini na moja. Shingo itang'oka."

"Na nyuzi za zamani?"

Mwalimu alionyesha kwa kidevu kifurushi cha gazeti.

"Umekata?"

"Vipande vya inchi mbili."

Mathew alikiinua kifurushi, akakipima mkononi. "Wewe," alisema hatimaye, "ungekuwa daktari ungetumaliza sisi wote vizuri sana, na cheti juu."

Jumapili asubuhi Mwalimu alimbeba kuku hadi kwa Mwislamu mmoja karibu na soko achinjiwe, ili Swafia aweze kula. Hilo angalau alilijua na lilikuwa kweli. Saa nane kasoro dakika tano gari lilisimama nje. Mubarak alishuka kwanza, akasema shikamoo, akaomba radhi kwamba lazima wafike Kisumu mapema, akarudi garini na simu yake. Swafia aliingia akiwa na buibui nyeusi na viatu vya safari. Alikuwa mnene kuliko alivyomkumbuka na mfupi zaidi. Alisimama mlangoni, akazungusha macho ukutani, kwenye saa, kwenye picha ya Dorothy.

"Innalillahi," alisema mbele ya picha, kwa sauti ya chini. "Nilipata habari nikachelewa kupiga simu. Nisamehe."

"Hata mimi msiba wa Osman nilichelewa," alisema Mwalimu.

Walikula obusuma, yaani ugali, na kuku, Mathew akiwachekesha kwa habari za wapangaji wake. Swafia alicheka mdomo ukiwa umefunikwa kwa kiganja, kama zamani. Saa tisa kasorobo mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa msitu. Mvua ikianza kupiga bati hakuna ambaye angesikia wimbo.

"Haya, leteni," alisema Swafia.

Mwalimu alikuwa ameamua kunyamaza. Angepiga chini, naye Swafia angefuata, pengine asingegundua. Swafia alifunga macho akaanza peke yake, *mwambie anayevuka Nzoia*, katika noti yake ileile, wazi na pana, si nyembamba kama ya kwenye kaseti. Mstari wa pili mandola ikaingia, nayo ikamkuta yuko juu yake kama mtu juu ya dari. Swafia akafungua macho. Akajaribu kushuka. Kwenye *maji yakishuka* sauti yake ilizama hadi ikawa pumzi tupu, naye akaacha, akacheka.

"Mwalimu, umenichimbia kisima. Nani kakwambia niko huko chini?"

"Nilipima."

"Ulipima nini?"

"Kaseti. Na ujumbe wako. Kaseti ilikuwa na kosa."

Swafia alirekebisha mtandio. "Lakini namba yangu unayo," alisema. "Tangu Jumatatu unayo. Kwa nini hukuniuliza?"

Mwalimu alikuwa na maelezo, na yalikuwa sahihi kila hatua.

"Nilidhani jibu nalijua," alisema.

"Mimi ningekujibu," alisema Swafia.

Mathew alijishughulisha na kufuta chupa kwa shati. Nje, tone la kwanza liligonga bati, halafu likawa peke yake.

"Si ufunge penseli?" alisema Swafia.

"Nini?"

"Penseli. Lumakanda, kwenye harusi ile, nilianza juu kwa kiherehere mpaka bibi harusi akashtuka. Ukachukua penseli kwenye sikio la karani wa michango, ukaifunga hapa." Aligusa shingo ya mandola. "Mandola ikapanda, ikanifuata. Ulisema ni kama kufupisha nyuzi."

Mwalimu aliutazama mkono wa Swafia mahali ulipogusa. Penseli ikilazwa juu ya nyuzi na kufungwa kwa nguvu hukata urefu, na sauti hupanda bila mzigo wowote kuongezeka shingoni. Alikuwa amefanya hesabu usiku kucha na hakulikumbuka jambo hilo. Tukio zima la Lumakanda lilikuwa limebaki kwake kama shingo iliyopasuka na gharama ya gundi.

Mathew alishatoka nje. Alirudi na kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokuwa kimefunga lango la banda la kuku. "Kuku wametoka," alisema, "lakini tuendelee."

Penseli ilikuwa mfukoni mwa shati la Mwalimu, ilipokuwa siku zote. Aliilaza nyuma kidogo ya kile chuma chembamba cha tatu kinachokata shingo. Mikono miwili haikutosha, kwa hiyo Swafia aliishika pande zote mbili huku yeye akizungusha mpira, mara mbili, mara tatu, akavuta. Vidole vyao vilikuwa karibu sana, na hakuna aliyeviharakisha.

Alipiga jozi zote nne. Do, sol, do, sol. Mathew akagonga chupa na kutabasamu peke yake.

Swafia akaanza upya, na mstari wa pili mandola ikamkuta palepale alipokuwa. Waliimba wimbo wote, beti sita. Kwenye ubeti wa nne Mwalimu alikosea kidole na hakuna aliyesimama. Kwenye ubeti wa tano mvua ilianza, kwanza taratibu, na Swafia akapandisha sauti juu ya mvua, na penseli haikuteleza. Ubeti wa sita haukusikika vizuri; walitazamana midomo.

Saa kumi kamili Mubarak alipiga honi mara moja, kwa adabu. Swafia aliinuka, akavaa viatu vyake. Mlangoni alisimama kidogo, mwavuli mkononi.

"Utabadilisha hizo nyuzi?" aliuliza.

"Nikijua lini utazihitaji," alisema Mwalimu. Kisha akajitahidi. "Utazihitaji lini?"

Swafia alimtazama kama mtu aliyesikia lugha aliyoizoea mahali asipoitarajia. "Shule zikifungwa Agosti huwa nina nafasi," alisema. "Mungu akipenda. Nipigie."

Gari lilipinda kwenye kona. Mathew alikwenda kukamata kuku. Mwalimu aliketi kwenye kiti cha dirishani, akachukua simu, akatafuta mahali pa kupunguza kasi ya kaseti, akaandika sifuri nukta nane nne. Jogoo aliwika nyuma ya nyumba, kwa sauti ya jogoo mzima. Kisha mwanamke akaanza kuimba, polepole, sauti wazi na pana. Ilikuwa sauti aliyoisikia saa ileile chumbani mwake. Yule binti wa sauti nyembamba, aliyekuwa akimsikiliza kila Agosti, hakuwahi kuwapo. Huyu ndiye aliyesimama mlangoni mwa maabara.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua daftari, akaandika unene wa nyuzi za do: kumi na tano, ishirini na nne, thelathini na nne, arobaini na tisa. Chini yake akaandika *Agosti*, na pembeni, alama ya kuuliza. Penseli hakuifungua shingoni. Namba hizo aliziandika kwa kalamu ya wino.